Nyumba ya kupangisha Golf kwa mkopo, au vyumba Kasapa kidogo kidogo?

Mwana_Kamalondo
Jambo wote. Kuna nyumba hapa Lushi (Lubumbashi), mtaa wa Golf, vyumba vitatu. Mpangaji ni wa kampuni ya mgodi, analipa dola 1,200 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka 90,000 na banki iko tayari kunisaidia. Ama ninunue parseli (kiwanja) mtaa wa Kasapa, nijenge vyumba vya wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu, polepole. Mungefanya nini? Jibu nalitaka mbele ya Ijumaa.

YayaBelAir
"Kunisaidia" kwa ngapi? Riba gani, miaka mingapi? Kontrati ya mpangaji inaisha lini? Na sertifika, hati ya umiliki, iko kwa jina la nani?

Mwana_Kamalondo
Samahani yaya, kaka yangu mkubwa. Nina 20,000, banki inatoa 70,000, asilimia 14 kwa mwaka, miaka saba. Kontrati imebakiza miezi nane. Sertifika wanasema iko.

Mhasibu_Ruashi
Wanasema! Haya, nimepiga hesabu. Kila mwezi banki itakudai karibu 1,310, na pango ni 1,200. Bado kodi ya serikali, bado mlinzi, bado bati likivuja. Mwaka wa kwanza utatoa kama 15,700 na deni litashuka kwa 6,300 tu, maana nyingine yote ni riba. Utabaki na deni la 63,700. Siku hiyo bei ya nyumba ikiwa 60,000, hata ukiiuza hujatoka.

Fundi_Kasapa
Mimi nilianza na vyumba viwili kwa franga ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, leo viko sita. Simdai mtu, sidaiwi. Jenga, mdogo wangu.

Mama_Katuba
Wanafunzi wako nao wanalipa? Wakati wa mgomo wanarudi kwao na ufunguo mfukoni.

YayaBelAir
Acheni niseme yangu. Katikati ya 2008 tani ya shaba ilikuwa inapita dola 8,000. Nikanunua nyumba ya 65,000, 50,000 ya banki. Mpangaji alikuwa bosi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Desemba bei ikawa karibu 3,000. Asubuhi moja mlinzi ananipigia: "Patron, funguo ziko chini ya chungu cha maua." Bosi amepanda ndege, kiwanda kimefungwa. Nilipofika, maembe yalikuwa yameoza uani, na hata vyuma vya pazia wameng'oa. Ilikaa tupu miezi saba. Mnunuzi mmoja tu alikuja, akatoa 38,000, mimi nadaiwa 46,000. Banki ikasema uza, halafu utuletee 8,000 inayobaki. Nyumba sikuiuza; nikauza gari, tena na cherehani ya mke wangu.

Mama_Katuba
Lakini nyumba si ungali nayo, yaya? Usimtishe mtoto. Mpangaji wa mgodi umuombe garanti, pesa ya kuweka mbele, ya mwaka mzima, basi.

Mhasibu_Ruashi
Sheria ya 2015 inasema garanti isipite miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa, mama.

Mama_Katuba
Nani hapa Lushi anaifuata? Nionyeshe mmoja.

YayaBelAir
Ninayo, na leo ina bei nzuri. Lakini cherehani ile naulizwa mpaka leo.

Mtu_wa_Himbi
Kwetu Goma, kaka yangu alikuwa amepangisha shirika la misaada. Vita vilipoingia mjini Januari 2025, shirika likaondoka na banki zikafunga. Nyumba haina hata tundu la risasi, ila mnunuzi hakuna. Deni ni la dola, linamngoja. Nyinyi mnalia na shaba, sisi hata volkano tunayo.

Fundi_Kasapa
Na kobalti, madini mengine ya migodi yetu? Februari ya mwaka ule ule serikali ilisimamisha kuiuza nje. Wapangaji wangapi wa Golf walitetemeka?

Mama_Katuba
Golf haitatetemeka hata siku moja. Ni Golf.

Mwana_Kamalondo
Mwenye nyumba amenipigia sasa hivi, ameshuka mpaka 84,000. Anasema kuna mtu mwingine anaitaka.

YayaBelAir
Huyo mtu mwingine yuko kila mahali. Sertifika umeiona kwa macho?