Azimio la kazi la Baiolojia kidato cha pili: tubadili mpangilio wa mada?

Mwl_Tanga: Habari walimu. Idara yetu inapanga upya azimio la kazi (mpango wa mada za mwaka) la kidato cha pili. Tumezoea mpangilio wa zamani: Lishe, Uwiano wa asili, Usafirishaji, kisha Upumuaji. Vitendo vinarundikana Septemba na Oktoba, na wanafunzi wanakariri rangi za vipimo tu. Maabara ni moja, mkondo una wanafunzi 60. Mada zihamishwe? Vitendo viingie wapi?

Darubini: Hamisheni, mwalimu, mradi mada zote ziishe kabla ya upimaji wa Novemba. Difyusheni (chembe kusambaa toka zilipo nyingi) na osmosisi (maji kupenya utando) zitoeni kwenye Usafirishaji, zitangulie Lishe. Mtoto asiyejua osmosisi hawezi kuelewa ufyonzwaji kwenye utumbo mwembamba. Vipindi 4 vinatosha, 2 kati yake viwe mfululizo kwa kitendo.

Kwa kitendo hicho cha osmosisi tumieni viazi mviringo. Menyeni ganda lote kwa sababu linazuia maji. Kateni vipande vya sentimita 5 vyenye unene sawa. Vitano viingie kwenye maji matupu, vitano kwenye maji ya chumvi (gramu 10 kwa mililita 100). Acheni dakika 40. Pimeni vitano kwa pamoja, kabla na baada, maana mizani nyingi za shule hazioni badiliko la kipande kimoja. Kinachoharibu zaidi ni kutokausha: maji yaliyobaki juu ya kipande yanaongeza uzito, na kilichokuwa kwenye chumvi kinaonekana hakijapungua. Kila kipande kifutwe kwa karatasi ya shashi, bila kukikamua.

Bahari_Bio: Naunga mkono, ila angalieni na msimu. Kwa Tanga, Uwiano wa asili uwe Aprili au Mei, masika yakiwa yameotesha majani. Oktoba mtahesabu vumbi. Fremu ya kuhesabia mimea, mita 1 kwa 1, inatengenezwa kwa vijiti vinne na kamba. Msiwaachie wanafunzi wachague pa kuiweka, watakimbilia penye mimea mingi na hesabu yote itapotoka. Wapige kura ya namba: hatua ngapi mbele, ngapi kulia. Fremu 10 kwa kila kundi.

Mwl_Tanga: Ahsanteni sana. Vipimo vya chakula je? Sukari ya mezani kwa Benedict (kemikali ya kupimia sukari) inabaki bluu kila mara.

Darubini: Lazima ibaki bluu, kwa kuwa sukrosi, yaani sukari hiyo ya mezani, haiathiri Benedict mpaka ivunjwe. Chukua mililita 2 za myeyusho wa sukari, ongeza matone machache ya asidi haidrokloriki hafifu, chemsha kwenye maji ya moto dakika 3, poza. Tia sodiamu baikaboneti kidogo kidogo mpaka povu likome, ndipo uweke Benedict na kuchemsha tena. Ukiruka baikaboneti, asidi inazuia Benedict kufanya kazi na bluu inabaki palepale. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Iodini isitiwe kwenye uji wa wanga ukiwa moto, rangi haitokei, poza kwanza. Kwa protini, mrututu (kopa salfeti) wa asilimia 1 uwe matone 2 au 3 tu. Ukizidi, bluu yake inafunika zambarau.

Makundi yawe 12 ya watu 5, kila kipimo kiwe na meza yake, makundi yazunguke. Na vipimo hivi vifanyike wiki ileile mnayofundisha aina za vyakula.