Joto la tiba kwa mzee mwenye presha: je, joto la Mombasa halitoshi?

Binti wa Kibokoni

Assalam aleikum. Mamangu ana umri wa miaka 72, tunaishi naye hapa Kibokoni, na kwa muda mrefu sasa anatumia dawa za presha, mojawapo ikiwa ni ile inayomfanya aende chooni kila mara. Tangu Ramadhani iliyopita ameanza kusahau: funguo tulizikuta ndani ya debe la mchele, na mara mbili amemwita mjukuu wake kwa jina la marehemu ndugu yake. Hospitalini tuliambiwa kwamba mishipa yake ya damu imekakamaa, na kwamba hali hiyo huweza kuuathiri ubongo.

Ndugu yangu aliyeko Ujerumani amesoma kwamba joto hulainisha mishipa, na anataka kulipia mama aingie sauna ya hoteli mara 4 kwa wiki. Shangazi asema hakuna haja ya hoteli, tumfukize nyumbani kwa majani ya mwarobaini. Mume wangu acheka tu, asema kwamba mtu anayekaa Mombasa mwezi wa Machi, tena chini ya bati, amekwisha kupata joto la kutosha. Ningependa kujua ni nani kati yao aliye karibu na ukweli.

Mkaazi wa Majengo

Shemeji hakukosea. Mwezi wa Machi joto hapa kwetu hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu ni mwingi hata nguo hazikauki barazani. Lau joto lingekuwa dawa, tusingemjua mtu hata mmoja aliyepigwa na kiharusi mjini humu.

Muuguzi Mstaafu, Tudor

Mwanangu, nimeuguza wazee kwa miaka mingi, kwa hivyo uniwie radhi nikirefusha maneno.

Joto la kuishi na joto la tiba ni vitu viwili. Joto la tiba hupandisha halijoto ya ndani ya mwili kwa takriban nyuzi 1 au zaidi, kwa muda uliopimwa, kisha mtu hutoka akapoa. Mwili ukipata moto kwa namna hiyo, moyo hupiga kwa kasi, damu nyingi huelekea kwenye ngozi, na mkondo wake huusugua utando wa ndani wa mishipa. Utando huo ukisuguliwa hutoa nitriki oksidi, ambayo huilegeza mishipa ikapanuka. Ni kazi inayokaribiana na ile ifanywayo na mwendo wa haraka, na ndiyo sababu watafiti wanaifikiria kwa wazee ambao magoti hayawaruhusu kutembea. Joto letu la kaskazi halifanyi hivyo: mwili hushinda ukipigana ili halijoto ya ndani isipande, jasho halikauki kwa sababu ya unyevu, na mzee, ambaye hutoka jasho kidogo na kuhisi kiu kwa kuchelewa, hupungukiwa na maji bila mwenyewe kujua. Hilo ni mzigo, si tiba.

Kuhusu ubongo, mshipa mkuu utokao moyoni ukiwa laini hupokea kishindo cha kila pigo na kukipunguza. Ukikakamaa, kishindo hicho hupita hadi kwenye vishipa vyembamba vya ubongo na kuvidhuru kidogo kidogo kwa miaka. Hapo ndipo presha na kusahau vinapokutana.

Alichokisoma ndugu yako nadhani kinatoka Ufini, katika mji wa Kuopio. Wanaume 2,315 waliokuwa na umri wa miaka 42 hadi 60 walifuatiliwa kwa takriban miaka 20, na matokeo kuhusu ubongo yalipochapishwa 2017 ilionekana kwamba walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikuwa na upungufu wa asilimia 66 wa hatari ya kupata dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na akili, wakilinganishwa na walioingia mara moja tu. Tarakimu hiyo inavutia mno, na kwa hakika ndiyo inayonitia shaka. Hakuna aliyewapangia watu hao nani aingie na nani asiingie. Mtu mwenye afya na nafasi ndiye anayeingia sauna kila siku, na aliyeanza kusahau huacha mazoea yake mapema, kabla hata daktari hajamgundua. Isitoshe, Wafini huizoea sauna tangu utotoni, ilhali mamako ataikuta kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 72, ndani ya chumba cha nyuzi 80 au zaidi.

Majaribio ya kupangwa yapo, ila ni madogo. Katika Chuo Kikuu cha Oregon, watu waliozamishwa kwenye maji ya nyuzi 40.5 mara 4 au 5 kwa wiki, kwa wiki 8, walionekana mishipa yao ikitanuka vizuri zaidi na kukakamaa kwake kukipungua. Lakini walikuwa vijana wenye afya, na kilichopimwa ni mishipa, si kumbukumbu.

Lililothibitishwa kwa nguvu zaidi kwa mzee wa presha ni vidonge vyake. Jaribio la Marekani liitwalo SPRINT, lenye washiriki zaidi ya 9,000, lilionyesha mwaka 2019 kwamba kuishusha tarakimu ya juu ya presha hadi chini ya 120 kulipunguza visa vya udhaifu mdogo wa kumbukumbu, ingawa kwa dimenshia yenyewe tofauti haikuwa ya kuaminika. Sisemi mama ashushwe hadi hapo, hayo ni ya daktari wake. Nasema tu kwamba joto lolote lisije likachukua nafasi ya dawa.

Mjukuu wa Likoni

Naongeza jambo moja kuhusu ile dawa ya kukojoa. Babu yangu alipelekwa na wajomba kwenye chumba cha mvuke cha hoteli moja akiwa amemeza dawa ya aina hiyo asubuhi. Mle ndani alikuwa akicheka na kusimulia habari za bandarini, lakini alipoinuka ili atoke, macho yalimwingia kiza akaanguka na kuvunjika mkono. Daktari alitueleza kwamba joto lilikuwa limetanua mishipa, maji mwilini yalikuwa machache, na aliposimama ghafla damu ikateremka miguuni na ubongo ukaikosa. Hoteli haikuwa na mtu wa kumwangalia, nasi hatukuuliza.

Binti wa Kibokoni

Nawashukuru sana. Na mwarobaini wa shangazi je?

Muuguzi Mstaafu, Tudor

Kujifukiza kwa dakika chache huupasha moto uso na koo, na halijoto ya ndani hupanda kidogo tu. Mafua huenda yakafunguka, mishipa sina hakika. Ninachokiogopa ni sufuria ya maji yanayochemka mapajani mwa mzee aliyejifunika blanketi, na zaidi ya hapo jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana hewa yake huua kimyakimya.

Ikiwa daktari wake ataridhia baada ya kuviona vidonge vyote, mngeanza na miguu. Watafiti wa Texas waliwahi kuloweka miguu ya wazee kwenye maji ya moto kwa dakika 45, na mishipa ya miguu ikafanya kazi vizuri zaidi baadaye. Nyumbani mimi ningebaki kwenye nyuzi 40, kwa dakika 20, mama akiwa amekaa kitini, amekwisha kunywa maji, na mtu yuko kando yake hadi atakapoinuka. Maji yapimwe kwa kipimajoto, si kwa kiwiko. Kama ana sukari, au nyayo zake zina ganzi, msifanye kabisa, kwani ataungua asihisi. Na mwezi wa Machi acheni, ngojeni kusi ianze kuvuma.

Binti wa Kibokoni

Sukari hana, tulimpima mwezi uliopita. Kliniki ni Jumatano, nitakwenda na vidonge vyote mfukoni. Shangazi amekubali kushika beseni, kwa sharti kwamba majani yake yatiwe ndani.

Muuguzi Mstaafu, Tudor

Ayatie, mradi kipimajoto kitangulie.