Jina langu na namba ya nyumba vinatafuta nini kwenye WHOIS?

Wakuu, nina laini ya intaneti ya nyumbani yenye anwani za IP (namba za kutambulisha vifaa mtandaoni) za kudumu, nane tu, kwa ajili ya seva yangu ndogo. Mtoa huduma kachukua fomu ya mkataba kaimwaga yote kwenye WHOIS, hifadhidata ya wazi inayoonyesha anwani ya IP imesajiliwa kwa nani: jina kamili, mtaa, namba ya nyumba, simu. Yeyote anayeiona IP yangu kwenye logi (kumbukumbu za seva) zake anaitafuta pale na papo hapo anajua mlango wa kugonga. Haulizwi nywila wala kibali cha mahakama.

Nimepiga simu, naambiwa "ndiyo sheria ya usajili." Sheria ipi? ARIN, wanaogawa anwani za Marekani na Kanada, ni kweli wanataka fungu la anwani nane na kuendelea lisajiliwe. Lakini sera yao hiyohiyo inaruhusu mteja wa nyumbani afichwe: kampuni inaweka jina lake badala ya la mteja, na penye mtaa panaandikwa tu kwamba ni makazi binafsi. Kinacholazimishwa ni mawasiliano ya kampuni ya kupokea taarifa za matumizi mabaya. Na ndivyo inavyopaswa! Seva ikitapika barua taka, wao ndio wenye uwezo wa kuikata. Sasa mtu akinipigia usiku wa manane kunitukana, mtandao umepona?

Najua watakuja wale wa "IP si siri, kila tovuti inaiona." Sawa, inaona namba. Namba tupu inakufikisha kwa kampuni, labda na mji wa kukisia. Jina limo kwenye mafaili ya kampuni. Mwaka 2016, kwenye kesi ya Patrick Breyer dhidi ya Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hata IP inayobadilika inaweza kuwa data binafsi kwa mwenye tovuti, iwapo ana njia ya kisheria ya kumfikia mhusika kupitia mtoa huduma. Yangu haibadiliki, na jina wamelibandika wenyewe!

Eti nijaze fomu ya "marekebisho," niambatanishe kitambulisho. Kitambulisho tena, niwape hawahawa? Na hata wakifuta leo, wapo wanaohifadhi rekodi za zamani za WHOIS.

Aliyewahi kufanikiwa kuondolewa, ulimbana mtoa huduma au uliandika moja kwa moja kwa msajili wa anwani wa kanda, kama ARIN?