Nilikamua mbegu za chotara, sasa rasta imerudi. Huko kusoma vinasaba vya nyanya kunanisaidia nini?

MkulimaIlula:
Wakuu, habari za leo. Nalima nyanya Ilula. Msimu uliopita nilinunua chotara, pakiti imeandikwa inavumilia rasta, ule ugonjwa wa virusi unaokunja majani, na kweli ilivumilia. Bei ikanishinda kurudia, nikachagua matunda mazuri nikakamua mbegu, nikaanika kwenye gazeti. Msimu huu majani yanajikunja, kingo za njano, mche unadumaa. Mstari mmoja una miche 40, nimehesabu iliyodumaa 11. Iliyobaki imesimama vizuri tu, udongo ule ule, maji yale yale. Nasikia wanasayansi walishasoma vinasaba vyote vya nyanya. Mbona bado tunahangaika? Na mbegu zao ndiyo GMO, zile zilizobadilishwa vinasaba maabara?

MamaKitalu:
Pole sana kaka. Mimi nipo kwenye kitalu cha utafiti wa nyanya hapa Arusha, na hiyo 11 kati ya 40 imenifanya nikujibu usiku huu huu. Ni karibu robo. Chotara mara nyingi hupata jeni, yaani kinasaba, ya kuvumilia rasta kwa mzazi mmoja tu. Ukikamua mbegu zake, robo ya watoto hawaipati kabisa, na inzi weupe wanaoeneza rasta wakifika, hao ndio wanaoanguka.

Ndiyo, jenomu, yaani vinasaba vyote vya nyanya, ilisomwa. Mei 2012 wanasayansi zaidi ya 300 kutoka nchi 14 walichapisha ya aina iitwayo Heinz 1706: kromosomu 12, jeni kama 35,000. Mwaka uliofuata jeni ya rasta iitwayo Ty-1 ikabainishwa ndani ya kromosomu ya 6. Ilitoka kwenye nyanya pori ya Amerika Kusini, *Solanum chilense*, ikaingizwa kwa kuchavusha ua kwa ua. Hiyo si GMO.

Kazini kwangu inakuwa hivi. Mche una majani mawili matatu, nakata kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, nakitia kwenye kijishimo chenye namba. Sahani moja ina vijishimo 96. Maabara wanaangalia alama ya jeni, na mche usionayo tunaung'oa kabla haujala mbolea wala kuchukua nafasi shambani. Zamani ilibidi uupande, uuachie inzi, usubiri uugue.

Ila alama haimalizi kazi. Jirani kabisa na Ty-1 inakaa jeni ya kuzuia minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi, iliyotoka kwa nyanya pori nyingine. Kuzipata zote mbili kwenye kromosomu moja kunasumbua sana, ndiyo maana chotara wengi hupewa moja na baba, nyingine na mama.

MuuzaGenge_Dar:
Mama, hizo jeni za ladha je? Wateja wangu wanalalamika nyanya za siku hizi ngumu kama mawe na hazina harufu.

MamaKitalu:
Wana haki dada. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliolinganisha jenomu za nyanya 725, za shambani na za porini. Zikaonekana jeni 4,873 ambazo Heinz 1706 hana, na aina moja ya jeni ya ladha, TomLoxC, iliyojaa kwenye nyanya pori ndogo lakini adimu mno kwenye za zamani za kulimwa. Tulichagua ukubwa na ugumu wa kusafiri, harufu ikaachwa njiani. Sasa wazalishaji wa mbegu wanajua pa kuitafuta.

MkulimaIlula:
Asante sana mama. Hiyo 29 iliyosimama nikiikamua, nitakuwa salama?

MamaKitalu:
Si yote. Ikiwa ni jeni moja kama ninavyodhani, katika kila mitatu, miwili bado ina nakala moja tu ya jeni hiyo, itakuletea robo ile ile. Mmoja ana nakala mbili, lakini kwa macho huwezi kumjua. Kipimo cha jani kingemtaja mara moja; wewe itabidi uwaulize watoto wake. Mbegu za kila mche tia kwenye bahasha yake, andika namba, msimu ujao panda kila bahasha mstari wake; mstari usiodumaza hata mche mmoja, mama yake ndiye mwenye nakala mbili. Na ile 11 ing'oe kesho asubuhi ukaizike, kitalu ukifunike kwa neti ya inzi tangu siku ya kusia.