Ukurasa unapendeza kwenye laptop ila kwenye simu unavurugika, naombeni ushauri

kodi_mpya:
Habari zenu wakuu. Huu mwezi wa tatu najifunza HTML na CSS (lugha za kutengenezea kurasa za wavuti) mwenyewe, nimemaliza ukurasa wa kwanza na kwenye laptop unapendeza kweli, nikaufungua kwenye simu maandishi yamekuwa kama sisimizi mpaka uvute kwa vidole ndo usome. Boksi kubwa nimelipa width: 1200px, ndani kuna kadi tatu sambamba, menyu ni div (boksi za kawaida za HTML) zenye onclick (amri ya ukibofya), na ule mstari unaozunguka linki nimeutoa kwa outline: none maana niliona unaharibu muonekano. Nianzie wapi? Semeni ukweli wote, nataka kujifunza.

fundi_mistari:
Hongera kwa kuanza mkuu. Angalia kwanza kwenye head kama una meta ya viewport (mstari unaoiambia brauza itumie upana gani) yenye width=device-width, initial-scale=1, nahisi huna, maana bila hiyo brauza ya simu inachukulia ukurasa una upana wa pikseli 980 hivi halafu inaufinya wote uenee, ndo sisimizi wako hao. Hiyo width ya 1200 igeuze iwe max-width. Picha zipe max-width: 100% na height: auto. Halafu andika CSS ya simu kwanza, skrini kubwa uziongezee kwa media query (sharti la CSS linaloangalia upana wa skrini) ya min-width, na usiandike query ya kila modeli ya simu utachoka bure, we vuta dirisha la brauza taratibu, pale mpangilio unapoanza kuharibika ndo unaweka.

sikio_langu:
Mimi sioni, natumia programu ya kusoma skrini, kwa hiyo niseme kuhusu hizo div. Div yenye onclick kwangu ni maneno tu, sitajiwi kwamba ni kitufe na nikipiga Tab inarukwa kabisa. Tumia button, au a yenye href kama inampeleka mtu ukurasa mwingine, hayo yote unayapata bila kuandika kodi ya ziada. Na outline irudishe leo leo ndugu yangu! Nina rafiki anaona vizuri ila mikono inamtetemeka, mausi haiwezi, anatembea kwa kibodi, ukitoa ule mstari hajui amefika wapi. Kama rangi yake huipendi weka yako kwenye :focus-visible (mtindo wa kitu ulichofikia kwa kibodi).

Picha nazo, juzi nimeingia sehemu nikawa nasomewa majina ya mafaili, IMG 4471, IMG 4472, mpaka nikafunga. Andika alt inayosema picha inaonyesha nini, kama ni pambo tu weka alt="" nipitilize. Na lang="sw" kwenye html usisahau, bila hiyo naweza kusomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, huambulii kitu.

kodi_mpya:
Asanteni sana aisee. Nimejaribu kutembea kwenye ukurasa wangu bila mausi, nimekwama hapo hapo kwenye menyu, imeniuma kwa kweli. Nimeshabadilisha. Sasa kadi nimeweka repeat(auto-fit, minmax(300px, 1fr)), kwenye simu yangu iko safi ila nikibana dirisha mpaka 320 ukurasa unateleza pembeni. Na maandishi madogo ya rangi ya kijivu #999 kuna mtu ameniambia hayasomeki juani.

fundi_mistari:
Padding umeweka ngapi? Kama ni 24 kila upande, 320 toa 48 unabaki na 272, na kadi umeikataza kushuka chini ya 300, lazima imwagike. Andika minmax(min(300px, 100%), 1fr). Hiyo #999 juu ya nyeupe utofauti wake wa mwanga ni kama 2.85 kwa 1 wakati WCAG (mwongozo wa kurasa zinazotumika na watu wote) inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, weka #595959 unafika 7. Kisha kwenye laptop kuza mpaka asilimia 400 usome ukurasa wote, uone kama kuna kinachofichika.

sikio_langu:
Ukishamaliza tuma linki hapa nikusikilizie, nitaanza na menyu.