Stray Cats: watu watatu tu, mlio wote ule unatoka wapi?

Kifua_wazi
Wakuu, salaam. Nina maswali kuhusu Stray Cats. Hawa jamaa ni wa Massapequa, Long Island, New York, lakini naona nyimbo zao za mwanzo zilivuma Uingereza kabla ya kwao. Ilikuwaje? Pili, tuko watatu: gitaa, besi la kusimama na ngoma, na tunautaka mlio ule. Besi likiingia kwenye spika linavuma hadi linafunika kila kitu, mwangwi wa gitaa unakuwa uji, na ngoma zimejaa mno. Na ninunue albamu zipi? Naona nyimbo zilezile zinajirudia.

Santuri_Kuukuu
Nianze na historia. Brian Setzer (gitaa), Lee Rocker (besi) na Slim Jim Phantom (ngoma) waliungana 1979. Wakati huo rokabili, yaani rock and roll ya mwanzo iliyochanganyika na kantri, kwa Wamarekani wengi ilikuwa muziki wa zamani uliokwisha kazi yake. London hali ilikuwa nyingine: Teddy Boys, wale wapenzi wa rock and roll na mavazi yake ya miaka ya 1950, walikuwepo bado, vijana wapya walikuwa wanaingia, na santuri za miaka ya 1950 zilikuwa zinachapwa upya. Kiangazi cha 1980 wakahamia huko, na kampuni ya santuri ya Arista ikawapa mkataba. "Runaway Boys" ikafika namba 9 kwenye chati ya Uingereza, kisha mwaka 1981 "Rock This Town" ikafika namba 9 na "Stray Cat Strut" namba 11.

Usimsahau mtayarishaji, Dave Edmunds. Alikuwa ameshika namba 1 Uingereza mwaka 1970 kwa wimbo wa zamani alioufufua, kwa hiyo mlio huo aliujua kwa ndani, na hakujaribu kuujaza vinanda. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililowatofautisha na makundi mengi ya wakati ule yaliyofufua muziki wa zamani, yaliyokuwa karibu na vichekesho.

Kuhusu kununua: *Stray Cats* na *Gonna Ball*, zote za 1981, zilitoka Uingereza. Mwaka 1982 kampuni ya EMI America ikachota humo nyimbo 11, ikaongeza mmoja mpya, ikaziita *Built for Speed*. Hiyo ndiyo iliyofika namba 2 Marekani, na MTV, iliyoanza Agosti 1981 ikiwa na njaa ya video, iliwasaidia sana. Ukiwa na zile mbili za kwanza, *Built for Speed* unainunua kwa ajili ya wimbo mmoja tu. Ongeza *Rant n' Rave* ya 1983. Mwaka 1984 wakavunjika, wakiwa bado wanauza. Walirudiana mara kadhaa baadaye. Albamu yao ya 2019 inaitwa *40*, hesabu ya miaka tangu waanze, nayo inasikilizika vizuri.

Besi_la_Mbao
Besi kwanza, hayo mengine yanafuata. Linavuma kwa sababu sauti ya spika inalitikisa tumbo la besi, tumbo linatikisa nyuzi, pikapu (kinasa mtikisiko) inaichukua tena. Fanya hivi:

1. Spika ya besi isikutazame mgongoni. Iweke pembeni, mbele kidogo ya besi.
2. Sokomeza sponji au kitambaa chini ya mkia wa nyuzi, kati yake na ubao wa juu.
3. Kata sauti zote chini ya hezi 50 hivi. Kisha tafuta masafa yanayovuma, mara nyingi karibu na hezi 100, uyapunguze peke yake. Ukipunguza sauti zote za chini kwa kitufe kimoja utabaki na mlio wa debe.
4. Priampu (kikuza sauti kidogo kabla ya ampu) ikiwa na swichi ya kugeuza fazi, yaani kupindua wimbi la sauti, ijaribu. Wakati mwingine hiyo peke yake inatosha.

Halafu tumia pikapu mbili za piezo, zile za kubandika zinazonasa mtikisiko wa mbao. Moja kwenye daraja, kwa ajili ya noti. Nyingine chini ya ubao wa vidole, kwa ajili ya ule mgongano wa "tak", na hiyo uikate sauti za chini kabisa. Kila moja na chaneli yake.

Kifua_wazi
Asante mkuu. Nyuzi zetu ni za chuma, na vidole vinachubuka. Nazo zibadilishwe?

Besi_la_Mbao
Badilisha. Chuma kina mkazo mkubwa, hakiinuki kirahisi. Za utumbo wa mnyama ndizo za asili, ila ni ghali na unyevu unazilegeza. Wapiga rokabili wengi hutumia uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi: mm 2 kwa uzi wa G, mm 2.4 kwa uzi wa D. Kwa A na E, zile nene, weka nyuzi zilizosokotwa za nailoni, kwani plastiki tupu huko chini inalegea na haina noti. Mifereji ya juu ya shingo na ya darajani ipanue kwa tupa ya duara. Ikibana, uzi unaruka sauti kila unapotyuni.

Kupiga: vuta uzi kwenye pigo, uachie ujigonge ubaoni, kisha piga kiganja kwenye nyuzi katikati ya pigo na pigo. Anza polepole. Mkono ukikaza, umeshapotea.

Mkanda_38
Mwangwi: mmeuweka mrefu, na una marudio mengi. Sam Phillips, mtayarishaji wa rokabili ya miaka ya 1950, pale studio ya Sun, Memphis, aliupata kwa mashine mbili za mkanda. Mkanda ukienda sm 38 kwa sekunde, na vichwa viwili vikiwa sm 5 mbalimbali, mwangwi unachelewa milisekunde 130 hivi. Weka 120 hadi 140, rudio moja tu, sauti yake chini ya ile ya kwanza, na uikate makali ya juu. Setzer ana Roland Space Echo ya mkanda, Gretsch 6120 ya 1959 na Fender Bassman ya mwanzo wa miaka ya 1960, lakini usikimbilie kununua. Pedali yoyote ya dilei (kuchelewesha sauti) inatosha. Kosa la kawaida ni kuijaza ampu hadi inachanika: inabana sauti, mwangwi unalingana na noti yenyewe, na hapo ndipo uji unapopikwa.

Na gitaa lisipige noti za chini za kodi (noti zinazopigwa pamoja). Kaa nyuzi nne za juu, kodi za 6 na 9, chini mwachie mwenzako.

Ngoma_Wima
Slim Jim hupiga amesimama: ngoma ya mguu, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali), toazi moja. Ondoeni tomu zote, zile ngoma nyingine. Snea iwe usawa wa mkanda wa suruali, na stendi ya kawaida haifiki, tafuteni ya mpigaji wa kusimama. Uzito uwe mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kisiondoke kwenye kanyagio. Ngoma ya mguu iwekeeni kitambaa ndani, kiguse ngozi zote mbili, na ipigwe pigo la 1 na la 3 tu.

Mkisikia "tak" mbili badala ya moja, tatizo si vifaa. Toazi linagawa pigo katika nusu mbili zilizo sawa, huku besi linapiga kwa kuyumba, nusu ya kwanza ndefu na ya pili fupi. Pigeni besi na toazi peke yao, gitaa likiwa limezimwa, mpaka zile mbili ziwe moja, ndipo mwongeze kasi.