Mpiga picha wa habari alazimishwe kukabidhi picha zake mahakamani?

Mtoa mada: Wakuu, mpiga picha yuko katikati ya ghasia za kisiasa. Anapiga picha mia tano, gazeti linachapa mbili. Kesi ikifunguliwa, mwendesha mashtaka anazitaka 498 zilizobaki. Azitoe? Mimi nasema hapana. Fulana ya kuzuia risasi haimsaidii sana pale; kinachomweka hai ni wale wenye mapanga kuamini kwamba hakutumwa na dola. Soweto, Septemba 1990, Greg Marinovich alipiga picha za wafuasi wa ANC wakimwua mtu waliyemdhania jasusi wa Inkatha, chama hasimu cha Wazulu. Zilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1991. Sasa angekuwa na sifa ya kuwa shahidi wa serikali ya makaburu, angeukanyaga mtaa ule?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, umemtetea mwenye kamera, marehemu umemwacha kando. Bijeljina, Bosnia, 1992: mpiga picha Ron Haviv alimpiga picha mpiganaji wa Arkan, kiongozi wa wanamgambo wa Kiserbia, sigara mkononi, miwani kichwani, akiinua buti kumpiga teke mwanamke aliyelala chini. Mikanda ilibidi aifiche ndipo ikatoka salama. Baadaye picha zake zikawa ushahidi The Hague, kwenye mahakama ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia ya zamani. Mngependa zikae kabatini?

Mchangiaji wa 2: Ile ilikuwa imeshachapishwa, ndugu yangu. Mahakama inaweza kuikata gazetini bila kumsumbua mtu. Tunabishania ambazo hazijatoka. Halafu picha peke yake ni bubu. Inaonyesha mkono umeinuliwa, haisemi kama ulishuka, wala nani alianza. Wakili wa utetezi atataka aliyepiga apande kizimbani aeleze. Kwa hiyo ukishasema "atoe picha tu," umeshamfanya shahidi.

Mchangiaji wa 1: Na akipanda kizimbani, kuna ubaya gani? Daktari anaitwa, dereva anaitwa.

Mchangiaji wa 3: Daktari harudi kesho kwa wauaji kuomba ruhusa ya kupita. Hili mahakama ya The Hague ililiamua Desemba 2002. Jonathan Randal, aliyekuwa mwandishi wa Washington Post, aligoma kutoa ushahidi kuhusu mahojiano yake na Radoslav Brđanin, mwanasiasa wa Waserbia wa Bosnia aliyekuwa akishtakiwa hapo. Majaji wa rufaa wakasema mwandishi wa vita halazimishwi mpaka mambo mawili yatimie: ushahidi wake uwe na uzito wa moja kwa moja kwenye kiini cha kesi, na usiwe unapatikana kwingine. Amri ya kumwita ikafutwa. Mimi naona pametosha hapo.

Mtoa mada: Pametosha kwa mwenye kalamu. Lisome tena sharti la pili. Mahojiano ya Randal alikuwepo na mwandishi mwenzake aliyekuwa akimtafsiria; maneno yalikuwa na masikio mengine. Picha ya mtu anauawa ni ya sekunde moja, na mara nyingi iko kwenye kamera moja tu. "Haipatikani kwingine" inatimia yenyewe. Yaani kipimo kilichomnusuru mwandishi ndicho kitakachomburuta mpiga picha. Nakubali, mchangiaji wa 1, kwamba akitaka kutoa kwa hiari yake asizuiwe, hata mhariri asimzuie. Ila wanaotaka alazimishwe waniambie: baada ya kesi ya kwanza, ya pili mtampata wapi wa kuipiga?